Jina Lililochelewa

Mosi binti Idrissa alikwenda kuolewa Misigiri, nchi ya Wanyiramba, kwa hiari yake, na alipenda jambo hilo lijulikane, asije akatokea mtu wa kumhurumia bure. Ilikuwa mwaka 1941, Wazungu wanapigana kwao na kaniki imeadimika madukani. Mosi alikuwa na miaka kumi na tisa. Alizaliwa Singida mjini, mtaa wa nyuma ya maduka ya Wahindi, katika nyumba ya Mzee Idrissa, mnunuzi wa ngozi na samli. Alikuwa amehitimu Kurani, ana sauti ya kuongoza ngoma ya lelemama, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba wauza ngozi walimwogopa kuliko walivyomwogopa baba yake.

Amri alikuwa kijana wa Kinyiramba, mkulima na mfugaji, aliyeleta samli kwa Mzee Idrissa kila baada ya mavuno. Marehemu baba yake alisilimu zamani akiwa mpagazi, kwa hiyo dini haikuwa kikwazo. Hakuwa msemaji. Akishusha madebe yake alikaa barazani na kumsikiliza Mosi akibishana na watu, na tabasamu lake lilikuja polepole, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba isiyo yake. Mosi aliliona tabasamu hilo misimu mitatu, kisha akamwambia mama yake kwamba Amri asipotuma mshenga, atamtuma yeye.

Shoga zake walimcheka. Walimwuliza kama kweli atakwenda kulala kwenye tembe na kusaga uwele kwa jiwe.

"Jiwe halijapata kumkataa mtu," Mosi akajibu. "Nitalizoea, nalo litanizoea."

Na kweli alilizoea. Mwaka wa kwanza viganja vilimchubuka, vikapona, vikawa vigumu. Alijifunza kufukua mchanga wa mto mkavu mpaka maji yachuruzike, na kuchuma mlenda bila kuchanganya na majani ya sumu. Kinyiramba alikishika kwa kuuliza jina la kila kitu alichokiona, mpaka watoto wa jirani wakawa wanamkimbia.

Lakini kulikuwa na neno moja lililomfuata kila alikokwenda. Wanawake kisimani walimwita "Mswahili". Halikuwa tusi. Maana yake ilikuwa mtu asiye na kwao. Misigiri ya siku zile, watu wakikutana waliulizana ukoo, hasa ukoo wa mama, kabla hata ya kuulizana habari za mvua. Mosi alipoulizwa alijibu kifua mbele, kama alivyofundishwa na mama yake, Bi Ziada: "Sisi asili yetu Bagamoyo." Watu waliitikia kwa adabu, kisha wakangoja amalizie. Hakuwa na la kumalizia.

Mama mkwe wake alijulikana kama Mama Selemani, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kaka yake Amri. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha kuhesabu tu. Hakumtesa Mosi hata siku moja. Alimpa mkamwana wake kila alichostahili, na hakumwongezea.

Mwaka uliofuata, wakati wa palizi, Mosi alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa mzima, mwenye sauti, na alinyonya kama mtu aliyetoka safari. Jina angepewa siku ya saba. Hapo dini ya Amri na desturi ya ukoo zilikubaliana, ila desturi ilikuwa na sharti lake: mzee wa ukoo lazima awataje bibi za mtoto pande zote mbili, mmoja baada ya mwingine, ili wamjue mtoto wao na wamlinde. Mzee huyo alikuwa Alute, ndugu wa kuzaliwa wa Mama Selemani, mjomba wake Amri. Watu walisema Alute anawajua bibi za kila nyumba kutoka Misigiri mpaka Kiomboi.

Alute alikuja siku ya pili, akaketi nje, akamwuliza Mosi aliye ndani, "Bibi yako mzaa mama ni nani?"

"Shikamoo, mjomba. Aliitwa Faida. Ni wa Bagamoyo."

"Faida wa ukoo gani? Amezaliwa na nani?"

Mosi akasema hajui. Bibi yake alikufa yeye akiwa mdogo, na nyumbani kwao habari zake hazikuzungumzwa.

"Hilo ni jina la sokoni," Alute akasema, si kwa ukali. "Mimi nataka la nyumbani. Siwezi kumkabidhi mtoto kwa watu nisiowajua. Nikikosea, watakuja wasio wake."

Asubuhi hiyo hiyo Amri alipanda baiskeli ya kuazima kwenda Singida kumwuliza mama mkwe wake. Alirudi siku ya tano, vumbi mpaka kwenye nyusi. Bi Ziada alikuwa amemjibu maneno machache: sisi ni watu wa Bagamoyo, na huyo mzee aambiwe kumpa mtoto jina si kesi ya baraza. Alute alipofikishiwa jibu hilo alisema wangoje kwanza.

Siku ya sita, jua likiwa limepanda, mtoto alikataa ziwa. Mwili wake ulikuwa wa moto. Alasiri alikuwa amekufa.

Wanawake wa nyumba walimchukua na kumzika nyuma ya tembe, kando ya ua wa minyaa. Amri aliuliza habari ya sala, na Selemani akamwambia kwamba hakuna shehe karibu, na mtoto asiye na jina hasaliwi wala haliliwi. Hakukutandikwa mkeka. Hakuna aliyekuja kuhani msiba. Siku ya pili Mosi alipewa uji akaambiwa anywe, na akipata nguvu shamba linamngoja. Haukuwa ukatili. Kwao ilikuwa ndiyo huruma: mtoto mchanga akililiwa sana, walisema, atarudi kumchukua anayefuata. Lakini kwao Mosi mkeka ungetandikwa, wanawake wangeingia na sukari na mchele, mmoja angemshika kichwa na mwingine mgongo, na kila mmoja angemwambia pole mpaka neno lenyewe lichakae. Hapa hakupata ya kwao wala ya huku. Msiba wake haukupata pa kukaa, ukakaa ndani yake.

Mwanzoni alikwenda kupalilia kama wengine. Kisha asubuhi moja, akisaga, mkono wake ulisimama juu ya jiwe, naye akawa hajui kinachofuata ni nini. Alikaa hivyo mpaka jua likamfika. Kuanzia siku ile maneno yalimwisha. Akisalimiwa aliitika, basi. Chakula alikipika na hakukila. Mtu akisema naye, sauti ilimfikia kama inatoka ndani ya mtungi.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa huo. Kisimani walisema ni uvivu wa mjini, ulikuwa umejificha sasa umetoka. Selemani alisema ni pepo la pwani. Dresa wa zahanati alimsikiliza kifua, akamvuta kope, akasema damu yake nzuri na mapafu mazuri, akampa kwinini kwa sababu hakuwa na kingine. Mganga aliyeitwa kutoka bondeni alitandaza vitu vyake, kisha akauliza swali lile lile: huyu ni wa ukoo gani? Alipokosa jibu alivikusanya tena. "Nyumba isiyo na mlango," akasema, "dawa nitaipitisha wapi?"

Selemani alimshauri mdogo wake aongeze mke. Amri alianza kutoka na ng'ombe mapema kuliko watu wote na kurudi wa mwisho.

Ilipita miezi sita. Siku moja Mama Selemani alizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kuku, akamkuta Mosi amechutama kando ya minyaa, ana ufagio mdogo, anafagia. Pale hapakuwa na alama yoyote, wala jiwe, wala kilima. Lakini ardhi ilikuwa safi kabisa, na ilionekana imefagiliwa siku nyingi. Mama Selemani alisimama akamtazama mpaka alipomaliza. Kisha alirudi ndani bila kuku.

Amri aliporudi, mama yake alimwambia, "Kesho kutwa nampeleka mkeo kwao."

Amri alibaki na fimbo mkononi. "Unamrudisha, mama?"

"Simrudishi. Tunakwenda kuuliza. Ulipokwenda wewe ulijibiwa kama mkwe. Nataka nijibiwe kama bibi."

Walipata lori lililobeba karanga kwenda Singida. Mama Selemani hakuwa amepanda gari maishani mwake. Alikaa juu ya magunia, kamshika Mosi kifundo cha mkono, na njia nzima hakumwachia. Aliyewaona asingejua nani kamshika nani.

Bi Ziada aliwapokea kwa mkeka mpya, chai ya maziwa na maandazi. Alimtazama binti yake alivyokonda, akageuka haraka kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Aliporudi alianza kuuliza habari za safari, za mvua, za watoto wa jirani, Kiswahili kikimtoka mbiombio, na Mama Selemani hakukipata hata nusu. Hakugusa chai. Alimgeukia Mosi akasema kwa Kinyiramba:

"Mwambie mama yako maneno yangu. Usiyapunguze."

Mosi alitazama ukingo wa mkeka.

"Mwambie," Mama Selemani akarudia. "Hapa hakuna mwingine anayejua lugha zote mbili. Ni wewe tu."

Mosi alifungua mdomo. Sauti yake ilitoka na kutu. "Anasema amekuja kukushtaki. Na kujishtaki."

Bi Ziada aliweka birika chini.

"Anasema alimzika mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe. Anasema alimfunga kwa kaniki yake mpya, aliyoiweka ya kuvaa siku ya jina." Hilo Mosi hakulijua. Akamgeukia mama mkwe wake kwa Kinyiramba. "Mama, hukuniambia."

"Na wewe hukuniuliza. Tulikuwa tunaogopana. Endelea."

"Anasema mtoto alikuwa na kidole cha mguu kilichopinda kama cha Amri. Anasema alikibusu kabla ya..."

Hapo Mosi alikatika. Alilia kwa sauti, akiinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, kilio cha miezi sita chote kwa pamoja. Bi Ziada aliinuka kumshika, lakini Mama Selemani aliinua mkono, na ule mkono ulieleweka bila mkalimani: mwache. Wanawake wawili walikaa, mmoja huku na mmoja huku, wakamlinda akilia. Kilio kilipopungua, Mama Selemani alimpa chai yake anywe, kisha akaendelea kusema, na Mosi, uso umelowa, akaendelea kutafsiri.

"Anasema wewe ulificha kitu, lakini hakulaumu, maana naye anaficha. Anasema mama yake mzazi hakuwa Mnyiramba. Alikuwa Mnyaturu. Mwaka wa njaa, akiwa mtoto, baba yake alimbeba mabegani akamleta Iramba, akamwacha kwa vikapu viwili vya mtama, ili yeye na ndugu zake wote wapone. Hawakurudi kumchukua. Ukoo ukampokea, ukampa jina, ukamkataza lugha yake. Anasema alikuwa akiimba kwa lugha hiyo akisaga, akidhani watoto wamelala."

Nje, mchuuzi wa kuni alipita akinadi mzigo wake, akaenda, sauti ikapotea. Bi Ziada alivua mtandio wake kichwani, akaukunja taratibu, akauweka magotini.

"Mwambie," akasema, na sasa Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, "mwambie mama yangu hakuiona Bagamoyo. Aliyetoka Bagamoyo ni mke wa mfanyabiashara aliyemnunua. Tuliiazima Bagamoyo ya yule mama, tukakaa nayo mpaka ikawa yetu. Mama yangu alitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikamatwa hajamaliza kung'oa meno ya utoto. Walipofika nchi hii miguu ilikuwa imeoza, msafara wa watumwa ukamwuza njiani kama mzigo uliotoboka. Faida ni jina alilopewa na aliyemnunua, kwa kuwa alimpata kwa bei rahisi. Kwao aliitwa Kalonda. Aliniambia mara moja tu, akiwa anakufa."

Mosi alimtazama mama yake. Sasa hakuwa akitafsiri. "Amri alipokuja kukuuliza, kwa nini hukumwambia?"

"Watu husema mkataa kwao ni mtumwa. Sisi tulikataa kwetu ili tusiitwe watumwa. Nilidhani nakulinda, mwanangu. Hata nilipoletewa habari ya mtoto bado nilidhani nakulinda."

Mosi aliyageuza maneno yale kuwa Kinyiramba, neno kwa neno, hata lile la mzigo uliotoboka. Mama Selemani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisogeza kikombe chake kitupu kwa Bi Ziada, na Bi Ziada akamjazia. Alikunywa, akala maandazi mawili, akaomba na la tatu.

Walirudi Misigiri baada ya siku nne, Mosi akiwa amekula vizuri na amelala vizuri. Mama Selemani hakupitia nyumbani. Alimpeleka Mosi moja kwa moja kwenye shamba la karanga la ndugu yake. Alute alikuwa peke yake, analima. Mosi alimwamkia, akaitikiwa.

"Alute," dada yake akasema, "mama yetu alipokuwa akisaga, alikuwa akiimba lugha gani?"

Jembe la Alute lilibaki limesimama ardhini. Alitazama huku na huku shambani. "Hatuko peke yetu."

"Tuko na mkamwana wako. Anajua."

Mzee alikaa kwenye tuta. Kwa muda alikuwa akifikicha udongo kwa vidole. Hakuwa mtu mbaya, na Mosi, ambaye alikuja amebeba hasira yake yote tangu Singida, aliona hasira hiyo ikikosa pa kutua.

"Nilipokuwa mdogo wenzangu waliniita mtoto wa njaa," Alute akasema. "Nilipigana nao mpaka nikachoka. Baadaye nikaona dawa ni kujua. Nikajifunza bibi za watu, nyumba kwa nyumba, kuliko mtu yeyote, ili asiwepo wa kuniuliza bibi zangu. Hata niliposhika kazi hii hakuna aliyeuliza." Akamtazama Mosi. "Nilikuuliza wewe kile nilichoogopa kuulizwa."

"Mjomba," Mosi akasema, "sasa nina jina la nyumbani."

"Litaje."

"Kalonda."

"Ukoo wake?"

"Haujulikani. Ulipotelea njiani. Jina halikupotea."

Alute alitikisa kichwa taratibu, akikubali. "Kesho asubuhi," akasema.

Asubuhi walisimama kando ya minyaa: Mosi, Amri, Mama Selemani, Alute. Selemani alikuja akasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Amri alisoma Fatiha, akafuta uso. Kisha Alute alichovya unga wa mtama kwenye maji, akamwaga chini, akaanza kuwataja bibi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka thelathini. Alipofika kwa mama yake mwenyewe aliyumba, kisha akataja jina la Kinyaturu ambalo dada yake hakulisikia likitajwa mbele ya watu tangu walipokuwa wadogo. Selemani alishusha mikono.

"Na Kalonda wa Manyema," Alute akaendelea. "Sisi hatukumwona. Lakini huyu ni damu yake, na ni damu yetu. Jina lake ni Kalonda. Mpokeeni."

Mama Selemani ndiye aliyeanza kulia, kwa sauti kubwa kama inavyoliliwa maiti ya mtu mzima. Wanawake wa jirani walisikia, wakaja mbio kuuliza nani kafa. Wakaambiwa ni Kalonda binti Amri. Mkeka ukatandikwa. Siku tatu watu waliingia na kutoka, na wale wale waliosema uvivu wa mjini walileta mtama, maziwa na kuni, wakamshika Mosi kichwa na mgongo. Matanga yalikuwa yamechelewa miezi sita, lakini yalikuwa matanga.

Haikuwa kwamba alipona siku hiyo. Zilikuwapo asubuhi ambazo mkono ulisimama tena juu ya jiwe. Tofauti ni kwamba sasa aliita, "Mama, njoo," na Mama Selemani alikuja akakaa kando yake, akashika jiwe yeye, akasaga mpaka mkono wa Mosi ukumbuke kazi. Lugha haikuwa tatizo tena. Mama Selemani alianza hata kujifunza matusi madogo ya Kiswahili ya kuwatukania mbuzi.

Kwa Amri ilichukua muda zaidi. Asubuhi moja Mosi alimfuata zizini, akamkuta akikamua.

"Selemani anasema uoe," akamwambia.

"Anasema."

"Na wewe unasemaje?"

Amri aliendelea kukamua mpaka kibuyu kikajaa. "Nilikuwa natoka mapema ili nisikutazame. Nilidhani ukiniona utamkumbuka."

"Nilikuwa namkumbuka hata bila kukuona."

"Mimi pia. Nilikuwa namwita Kidogo, moyoni. Sikumwambia mtu."

"Basi niambie mimi," Mosi akasema, akachutama upande wa pili wa ng'ombe, na Amri akamwambia. Hakuoa mke wa pili, na Selemani akaacha kulitaja jambo hilo.

Walipata watoto wengine watatu. Kila mmoja alipewa jina siku ya saba, na Alute, mpaka alipokufa, hakuacha kumtaja mama yake wala Kalonda wa Manyema. Wanawake wengine wakaanza kuja kwake kwa siri kidogo, wakisema bibi yao naye aliletwa na njaa, au na vita, au na msafara, na kama inawezekana na yeye atajwe. Ilionekana Misigiri ilikuwa na watu wengi wa namna hiyo.

Mosi aliacha kusema habari za Bagamoyo. Akiulizwa ukoo alijibu, "Bibi yangu alitoka Manyema kwa miguu, mimi nimetoka Singida kwa miguu yangu, wanangu wamezaliwa hapa. Unataka kujua yupi?" Alisema hivyo akicheka, na watu walicheka naye, na hakuna aliyemwita tena Mswahili kwa maana ile ya zamani.

Polepole akawa mtu wa kuitwa. Mwanamke akinyamaza baada ya kuzaa au baada ya kuzika, walimwita. Hakuwa na dawa, na alisema hivyo mlangoni kabla hajaingia. Wengine alifuatana nao mpaka hospitali ya Kiomboi pale mwili ulipohitaji hospitali. Wengine alikaa nao tu.

Mwaka 1955 aliitwa kwa Martina, mke wa Andrea, mzee wa kanisa. Kijana wao Simeoni alikuwa amekwenda Itigi kufanya kazi ya reli, homa ikamwua huko, akazikwa huko, na wao wakaletewa barua na sanduku la nguo. Martina hakuwa amesema neno kwa wiki tano. Dorika, dada yake, ndiye aliyemfuata Mosi, bila kumwambia shemeji yake.

Andrea alimkuta Mosi mlangoni, akasimama kati yake na nyumba. Alikuwa mtu wa heshima, na alisema kwa heshima. "Mama, asante kwa kuja. Lakini sisi tuna sala zetu. Tumefundishwa tusihuzunike kama watu wasio na tumaini."

"Endeleeni nazo, baba," Mosi akasema. "Sala zenu sizigusi. Mimi nimekuja kumsikiliza mama Simeoni."

"Hasemi."

"Nimesikia. Nitamsikiliza hivyo hivyo."

Andrea alifikiri, akasogea. Mosi aliingia, akaketi chini karibu na Martina, akatulia mpaka pumzi zao zikaenda pamoja. Hakumwuliza anaumwa nini. Alipoona wakati umefika, aliuliza kwa Kinyiramba, kama mtu anayeuliza habari ya jirani:

"Simeoni alipenda kula nini?"

Mosi hakurudia swali. Mwishowe midomo ilisogea.

"Viazi," Martina akasema. "Vya kuchoma. Alikuwa akiviiba kwenye majivu kabla havijaiva."

"Hakuiba," Andrea akasema kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi ndiye niliyekuwa nampa. Nilimwambia asikuambie."

Martina aligeuka akamtazama mumewe, mara ya kwanza baada ya wiki tano. "Ulikuwa unampa wewe?"

"Kila jioni. Tulikuwa tunakula nyuma ya ghala, mimi na yeye."

"Na mimi nilimpiga kwa ajili ya viazi hivyo," Martina akasema. "Andrea, nilimpiga kwa ajili ya viazi."

Andrea aliingia akakaa chini, mzee wa kanisa, kwenye udongo mtupu, magoti yakigusana na ya mkewe. Alianza kumweleza habari za nyuma ya ghala, walichokuwa wakizungumza, jinsi Simeoni alivyopuliza vidole. Martina alikuwa akilia na kuuliza, akilia na kuuliza.

Mosi aliwaacha. Alipotoka, Dorika alimfuata uani akamwuliza, kwa sauti ya chini, kama arudi kesho kumwita tena.

"Kesho waache wenyewe," Mosi akasema. "Wapelekee uji. Keshokutwa nitapita." Akajifunga khanga yake vizuri kiunoni, maana jua lilikuwa bado liko juu na uwele wake wa upande wa mto ulikuwa haujapaliliwa, akashika njia ya kwenda shambani.